Saa Nzima kwa Mishororo Miwili: Namna ya Kuisikiliza Khayali ya India Kaskazini

Mwimbaji ameketi juu ya busati, miguu ameikunja, kiganja kimoja kimefunguka hewani kana kwamba kimebeba kitu chepesi. Nyuma yake wanafunzi wawili wanapitisha vidole kwenye nyuzi bila kupumzika. Kulia kwake yuko mpiga tabla, kushoto mpiga kinanda. Dakika ishirini zimepita na maneno yote aliyoyatamka yangeenea kwenye bahasha moja. Anazigusa sauti tatu, anaziacha, anaziendea tena kwa njia nyingine. Kisha, bila dalili yoyote ambayo mgeni angeweza kuiona, watu wa safu za mbele wanatikisa vichwa kwa pamoja, mmoja anainua mkono, mwingine anasema "Wah!" Mgeni anabaki kujiuliza: kimetokea nini ambacho mimi sikukisikia?

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi. Sisi wa pwani tumelelewa na nyimbo za sinema za Kihindi, na hata taarabu ya Mombasa ilichota humo: marehemu Juma Bhalo aliimba mashairi mazito ya Kiswahili kwa mahadhi ya Kihindi, akisindikizwa na kinanda na tabla. Kwa hiyo nilidhani mlango ninao tayari. Kumbe sivyo. Wimbo wa sinema unakukabidhi mahadhi yake yote ndani ya dakika nne, ukitoka hapo unaimba mwenyewe njiani. Khayali, mtindo huu wa uimbaji wa jadi wa India Kaskazini, haikukabidhi chochote. Inakuwekea sauti moja mbele yako, inakuacha uizoee, ndipo inaongeza ya pili. Anayengoja wimbo "uanze" atangoja mpaka taa zizimwe, kwa sababu ulishaanza zamani.

Wako wanaosema muziki huu hauhitaji maelezo, sikiliza tu kwa moyo. Sikubaliani nao. Mimi moyo wangu ulikuwepo tangu siku ya kwanza na bado nilipotea. Kilichonisaidia ni kushika vitu viwili: sauti inayoitwa Sa, na pigo linaloitwa samu. Moja ni nyumba ya mahadhi, jingine ni nyumba ya mizani. Karibu kila jambo linalowafanya watu waseme "Wah!" linahusu mwimbaji anavyoondoka katika nyumba hizo na anavyorudi.

Jina lenyewe halitupi tabu. Khayali linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya dhana, taswira ya akilini, na ndivyo muziki wenyewe ulivyo: mtunzi ametoa mistari michache, mengine yote mwimbaji anayabuni palepale. Na ukikaa na wanamuziki wa Delhi au Kolkata utakutana na ndugu wengine wa maneno yetu. Mazoezi ya kila siku ya sauti huitwa riyazi, shina lilelile lililotupa sisi riadha. Kikao kidogo cha muziki, watu thelathini sebuleni, ni mehfili, na sisi kwa wingi wa neno hilohilo tunapata mahafali. Mwalimu Mwislamu huitwa Ustad, ambaye ni ustadhi wetu. Mwenzake Mhindu huitwa Pandit.

Tuanze na Sa. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, tayari ukumbi umejaa mvumo. Huo ni wa tanpura, ala ndefu yenye kibuyu kikubwa chini na nyuzi nne kwa kawaida, ambayo haipigi mahadhi kabisa. Kazi yake ni kurudia sauti zilezile, mara nyingi Pa ya chini (moja ya sauti saba nitakazozitaja punde), kisha Sa, Sa, na Sa nzito ya mwisho, kuanzia mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Siri yake iko kwenye daraja ambalo nyuzi zimelalia. Juu yake pana ubapa wenye mpindo mdogo, na chini ya kila waya hupitishwa uzi mwembamba wa pamba. Uzi huo ukikaa mahali pake hasa, waya unagusagusa daraja unapotetemeka, na badala ya mlio mmoja unapata kundi zima la milio, kama nyuki waliotulia. Masikio yakizoea utaanza kusikia sauti ambazo hakuna aliyezipiga. Ga huchomoza yenyewe kutoka ndani ya Sa. Mafundi wa mji wa Miraj, katika jimbo la Maharashtra, wana sifa ya vizazi katika kutengeneza ala hizi. Siku hizi wengi hutumia kisanduku cha umeme au programu ya simu, lakini mwimbaji makini bado hupoteza dakika kumi nzima mbele ya watu akikaza na kulegeza nyuzi. Usikasirike. Anajenga nyumba atakayorudi.

Sa si noti iliyofungwa mahali pamoja. Kila mwimbaji huiweka pale koo lake linapostarehe, na ala zote humfuata. Kuanzia hapo zinahesabiwa sauti saba: Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Sa na Pa hazitikisiki. Re, Ga, Dha na Ni zinaweza kushushwa nusu, na Ma inaweza kupandishwa nusu. Jumla kumi na mbili. Hesabu ni ndogo hivyo, na ndiyo maana watu hudhani raga, yaani msingi wa mahadhi anaoufuata mwimbaji, ni ngazi tu ya noti, kumbe hapo ndipo kosa kubwa linapoanzia.

Chukua raga mbili, Bhupali na Deshkar. Zote mbili zina sauti tano, na ni zilezile: Sa, Re, Ga, Pa, Dha. Ukizipiga kwenye piano moja baada ya nyingine, hutaona tofauti hata kwa darubini. Lakini hakuna msikilizaji mzoefu anayezichanganya. Katika Bhupali, Ga ndiye bibi wa nyumba. Mwimbaji anamrudia, anatulia kwake, na mwendo mwingi unafanyika katika sauti za chini na za kati, kwa upole. Katika Deshkar enzi iko kwa Dha. Sauti zinakaa juu, Re inaguswa kwa kupita tu, na hali nzima inakuwa na mwanga na haraka kidogo. Mwimbaji wa Deshkar akijisahau, akakaa kwenye Ga kwa muda mrefu, keshavuka mpaka na kila mjuzi ukumbini amekunja uso.

Basi raga ni nini? Ni seti ya sauti pamoja na adabu zake: zipi unazitumia ukipanda, zipi ukishuka, wapi unaruhusiwa kukaa, wapi upite bila kutazama, ipi inafikiwa kwa kuteleza na ipi inatikiswa. Katika Yaman, raga ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, mwimbaji hupenda kupanda kutoka Ni ya chini moja kwa moja hadi Re na Ga, akiiruka Sa, nyumba yake mwenyewe, ili msikilizaji aitamani. Katika Darbari, raga ya usiku mkubwa ambayo mapokeo yanamhusisha nayo Tansen, mwimbaji wa kasri la mfalme Akbar katika karne ya 16, Ga iliyoshushwa haitulii mahali pamoja. Inapepesuka taratibu kama taa ya kandili. Ukiimba Ga hiyo kavu, bila kupepesuka, noti ni sahihi na Darbari haipo.

Aliyezoea kuwasikiliza wasomaji wa Qur'ani anayo hatua ya kuanzia. Anajua msomaji akiingia bayati moyo unakaa namna moja, na akihamia hijazi unageuka. Raga na maqamu, yaani mahadhi kama hayo ya bayati na hijazi, ni watu wa ukoo mmoja wa fikra. Ila kuna tofauti inayobadilisha kila kitu: katika maqamu, kuhama ni sehemu ya ufundi, ilhali mwimbaji wa khayali akishaingia raga, kwa kawaida hatoki mpaka amalize. Utajiri wote lazima autafute mle ndani.

Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936), mwanasheria wa Mumbai aliyeiacha kazi yake kwa ajili ya muziki, alizunguka India akikusanya nyimbo ambazo koo za waimbaji zilikuwa zimezificha, akaziandika, na akazipanga raga katika mafungu kumi. Mpango wake unafundishwa hadi leo. Lakini angalia alichofanya na wale wawili wetu: Bhupali aliiweka fungu la Kalyan, Deshkar fungu la Bilawal. Hata yeye, mtu wa majedwali, hakukubali kwamba sauti tano zilezile zinatosha kuwafanya kitu kimoja.

Na kuna saa. Bhupali ni ya mwanzo wa usiku, Deshkar ni ya asubuhi. Kila raga kubwa ina zamu yake katika saa ishirini na nne, na nyingine zina msimu, kama zile za ukoo wa Malhar zinazoimbwa mvua zinaponyesha. Sijui kama kuna sababu ya kimaumbile ndani ya sauti zenyewe, na sioni kwamba ni lazima iwepo. Watu wakiisikia sauti fulani alfajiri kwa vizazi vingi, inakuwa ya alfajiri, kama adhana ya Alfajiri inavyokuwa na umande wake.

Ila utaratibu huu sasa uko taabuni, kwa sababu ya jambo ambalo halihusiani na muziki. Mwaka 1953 Bhimsen Joshi, mmoja wa waimbaji wakuu wa karne iliyopita, alianzisha mjini Pune tamasha la kumkumbuka mwalimu wake, Sawai Gandharva, aliyefariki mwaka uliotangulia. Kwa miaka mingi tamasha hilo, linalofanyika kila Desemba, lilikesha. Watu walikuja na mablanketi na chupa za chai, na mwimbaji wa mwisho alipokea mapambazuko. Kisha zikaja kanuni za kelele za mwaka 2000, zinazozuia vipaza sauti viwanjani kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sababu yake ni ya haki, wagonjwa na watoto wanahitaji usingizi. Lakini raga za usiku wa manane zilipoteza makao. Darbari ikiimbwa saa mbili na nusu ili kuwahi muda, ni kama futari iliyoandaliwa adhuhuri. Raga za asubuhi zina nafuu kidogo: wakati wa Diwali, watu wa Pune na Mumbai huamka kabla ya jua kwenda kuzisikiliza.

Sasa tuingie kwenye mizani, maana bila samu utasikia nusu tu ya onyesho.

Mwimbaji akishaitambulisha raga kwa sauti chache za wazi, anashika bandishi, yaani utungo wenyewe. Ni mfupi mno. Sehemu ya kwanza, sthayi, ina mshororo mmoja au miwili na hukaa chini na katikati. Sehemu ya pili, antara, hupanda hadi Sa ya juu. Lugha ni mara nyingi Braj, ya maeneo ya Mathura. Mambo yake ni ya watu: wingu limekuja na mpenzi hajaja, filimbi ya Krishna, mungu wa Wahindu, mke anayetaka kutoka usiku lakini njuga za miguuni zitawaamsha mavyaa na wifi. Bandishi nyingi ni za Niamat Khan wa Delhi, aliyeishi katika kasri la mfalme Muhammad Shah karne ya 18 na kujiita Sadarang. Jina hilo amelitia ndani ya nyimbo, kama washairi wetu wanavyojitaja katika beti za tamati. Mwislamu alimtungia Krishna, na Wahindu wanaimba utungo wa Mwislamu, na hakuna anayesita.

Bandishi hiyo imefungwa kwenye tala, mzunguko wa mapigo. Tintala ina kumi na sita, nne mara nne. Mpiga tabla huitamka hivi: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Jaribu kuihesabu kwa mkono: piga kofi pigo la kwanza, la tano na la kumi na tatu, pigo la tisa usipige, geuza kiganja juu. Hilo la tisa huitwa khali, tupu, na ukitega sikio utasikia kwamba baada yake ile ngoma nzito ya kushoto, kati ya ngoma mbili za tabla, inanyamaza kwa muda, kama ardhi iliyotoweka chini ya mguu. Inaporudi, unajua safari ya kurejea imeanza. Pigo la kwanza ndilo samu.

Kila mzunguko unakwenda samu, na kila wazo la mwimbaji lazima lifike hapo. Ile kauli ya kwanza ya bandishi imetungwa hivi kwamba silabi yake moja, iliyochaguliwa, iangukie samu. Katika sehemu ya taratibu, mara nyingi kwa Ektala ya mapigo kumi na mawili, mzunguko mmoja unaweza kuvutwa hadi karibu dakika nzima. Amir Khan wa Indore (1912–1974) alipenda Jhumra, mapigo kumi na manne, kwa mwendo wa pole kiasi kwamba unasahau kuwa kuna mizani. Yeye hakusahau. Alikuwa akitandika sauti moja moja, kutoka chini kwenda juu, bila haraka, na zilipobaki sekunde chache, unasikia ile kauli ya bandishi ikijitokeza, inajipanga, na pap! imetua.

Hapo ndipo safu ya mbele ilipotikisa vichwa. Walikuwa wanahesabu. Wengine kwa vidole juu ya goti, wengine bila kujua. Mwimbaji alionekana amepotea mbali, sekunde zinaisha, na wao wakawa na wasiwasi wa kweli: atafika? Akafika, na kwa njia ambayo hawakuitarajia. Ile "Wah!" inatoka mahali hapo, ni pumzi iliyokuwa imezuiliwa.

Ukishaonja hilo mara moja, sehemu zinazofuata zinajifungua zenyewe. Mwendo unaongezeka, mwimbaji anaanza kutaja majina ya sauti, au kuyavunja maneno ya bandishi na kuyatupa kati ya mapigo, kisha inakuja bandishi ya pili ya mwendo wa haraka na zile mbio za sauti ziitwazo tani, zinazoimbwa kwa irabu "a". Anaweza kufunga kwa kauli moja iliyorudiwa mara tatu sawasawa, ya tatu ikigonga samu. Hapa makofi huwa makubwa zaidi. Mimi, nakiri, napenda zaidi saa ile ya pole, na huhuzunika waandaaji wanapompa mwimbaji dakika arubaini na tano kwa jumla, kwa sababu kinachokatwa siku zote ni ile pole.

Kuhusu kinanda niseme neno, maana kwetu hakuna anayekitilia shaka. Hamoniamu ya mvukuto ilifika India kutoka Ulaya, na wengi waliiona kama adui. Vibao vyake haviwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na Darbari, kama tulivyoona, inaishi kwenye huko kuteleza na kupepesuka. Redio ya taifa, All India Radio, iliipiga marufuku mwaka 1940, na katazo halikulegezwa mpaka miaka ya 1970. Sarangi, ala ya uta inayolia karibu kabisa na koo la mtu, ndiyo iliyofaa. Lakini sarangi ni ngumu kujifunza, na leo jukwaani utakuta kinanda mara nyingi zaidi. Mpigaji mwema anajua udhaifu wa chombo chake: anamfuata mwimbaji nusu hatua nyuma, na mwimbaji anapoteleza, yeye ananyamaza.

Waimbaji wenyewe hugawanyika kwa gharana, neno linalotokana na "nyumba". Ni ukoo wa ufundi, wakati mwingine wa damu pia. Gwalior inahesabiwa ya zamani kuliko zote katika khayali. Jaipur-Atrauli, ya Alladiya Khan, inasifika kwa raga adimu na tani zilizosukwa kama mkeka, na Kirana kwa usafi wa kila sauti moja. Namna mtu anavyoingia katika nyumba hizo inaonekana katika maisha ya Gangubai Hangal (1913–2009). Alipanda treni kutoka Hubli kwenda Kundgol kwa Sawai Gandharva, na mwalimu huyo alikuwa akimpa kipande kidogo tu cha raga na kumrudisha akakikariri mpaka kikae. Baadaye maradhi ya koo na matibabu yake yakaifanya sauti yake kuwa nzito mithili ya ya mwanamume. Hakuificha. Alijenga juu yake, na rekodi zake zina uzito ambao sijausikia kwa mwingine.

Mwisho wa onyesho karibu siku zote ni Bhairavi. Kwa saa ni raga ya asubuhi, lakini desturi imeipa ruhusa ya kufunga kikao wakati wowote, na adabu zake ni laini: sauti zote kumi na mbili zinaweza kupenya humo kwa mkono wa hodari. Mara nyingi inakuja kama thumri, wimbo wa mapenzi na malalamiko, au bhajani ya ibada. Rekodi moja ya Bhairavi, ya Kesarbai Kerkar, mwanafunzi wa Alladiya Khan, haina hata dakika nne. Mwaka 1977 Wamarekani waliiweka kwenye sahani za dhahabu zilizorushwa na vyombo viwili vya anga za mbali viitwavyo Voyager, Agosti na Septemba. Kesarbai alifariki tarehe 16 Septemba mwaka huohuo, na sauti yake imeshavuka mipaka ya jua.

Bhairavi ikishaimbwa, haiimbwi raga nyingine baada yake. Mwimbaji anainamisha kichwa, mpiga tabla anazifunika ngoma zake, na watu wanasimama kutafuta viatu vyao mlangoni. Wanafunzi wawili wa nyuma ndio wanaokuwa wa mwisho kuachia nyuzi, na kwa muda mfupi kabla mazungumzo hayajapanda, bado unaisikia Sa.